Imamu akikosea husujudu, kiongozi akikosea hunyamaza: dini inasemaje?

SWALI: Assalaamu alaykum, Maalim. Mimi ni mvuvi, na jioni nasomesha madrasa, katika kijiji kimoja cha pwani upande wa Wete, Pemba. Miaka mitatu nyuma kiongozi wetu wa jimbo alitujengea soko la samaki. Kabla msingi haujachimbwa, wazee wa diko, pale tunaposhushia samaki, walimwambia kwamba bamvua, yale maji makubwa ya bahari, linafika hapo. Hakusikia. Leo sakafu imeliwa na maji ya chumvi, mnada tunaufanya chini ya mkungu kama zamani, na pesa zimekwenda. Tukimuuliza anasema ni kudra ya Mungu. Mtu mwenyewe ni mcha Mungu kweli: safu ya mbele haimkosi, na Ramadhani anafuturisha kijiji kizima. Nilipotaka kulisema jambo hili mkutanoni, wenzangu walinizuia, wakanambia nimsitiri Muislamu mwenzangu. Naomba unieleze: ni dini ndiyo inayowafanya viongozi wetu wawe wagumu wa kukiri makosa? Na mimi nifanye nini?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah, ndugu yangu. Nianze na hiyo safu ya mbele anayosali kiongozi wenu, maana sehemu kubwa ya jibu imo humo.

Nilipokuwa kijana nikisali katika msikiti mmoja wa Ng'ambo, hapa Unguja, imamu wetu alikuwa mzee ambaye elimu yake hata waliokuwa hawapatani naye waliikubali. Usiku mmoja, katika Ishaa, alipomaliza rakaa ya nne hakukaa tahiyatu. Akainuka. Kutoka safu ya kwanza ikasikika sauti moja: "Subhanallah", neno la kumkumbusha imamu aliyekosea. Aliyesema alikuwa mchukuzi wa bandarini, mtu ambaye mchana ukikutana naye ana gunia begani. Mzee akarudi chini, akasoma tahiyatu yake, akasujudu sijda mbili za kusahau, akatoa salamu. Kisha akavuta tasbihi kama siku zote. Hakuna aliyetoka mle akisema imamu ameporomoka, na Alfajiri ni yeye tena aliyetusalisha.

Asili ya jambo lile naamini wewe mwenyewe umeshaisomesha. Mtume (S.A.W.) alisalisha moja ya sala za mchana, akatoa salamu kwenye rakaa ya pili. Abubakar na Omar walikuwamo katika jamaa, wakaona haya kumsemesha. Akasimama mtu mwenye mikono mirefu, wakimwita Dhul-Yadayn, akauliza: "Ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, umesahau au sala imepunguzwa?" Mtume akajibu kwamba hakusahau wala sala haikupunguzwa. Tafadhali simama hapo kidogo, usiharakie mwisho wa hadithi. Jibu la kwanza lilikuwa "sikusahau". Hakulishikilia neno lake kwa kuwa limeshatoka. Aliwageukia watu akawauliza kama ni kweli asemavyo huyu, wakasema ndiyo. Akasimama akazikamilisha rakaa zilizobaki, akasujudu. Na katika riwaya nyengine akawaambia kwamba yeye ni mtu kama wao, anasahau kama wanavyosahau, basi akisahau wamkumbushe.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Kukubali kosa mbele ya watu, kwa kukumbushwa na mtu mdogo kuliko wewe, kumewekwa ndani ya sala. Aliyewekewa utaratibu huo ni imamu, yaani kiongozi. Tunachotakiwa kujiuliza ni vipi mtu huyu huyu anayeukubali utaratibu huo ndani ya msikiti, akishavaa viatu vyake nje, haikubali "Subhanallah" ya mvuvi.

Maradhi haya si ya Waislamu peke yao wala ya Zanzibar peke yake. Tarehe 13 Aprili 2004, Rais George W. Bush wa Marekani, Mkristo aliyekuwa akiieleza imani yake hadharani bila kuona haya, aliulizwa na mwandishi wa habari mbele ya taifa zima kosa lake kubwa ni lipi tangu Septemba 2001. Wakati ule vita vya Iraq vimeshafika mwaka, na silaha walizoziendea hazijaonekana. Akatafuta jibu, asilipate. Hakuweza kutaja hata moja. Hapo hapo lakini usisahau kwamba Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa kwenda kanisani kila siku, mwaka 1984 akiwa bado Rais, alisema kwamba lau angeanza upya asingezifuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Wote wawili ni watu wa ibada. Imani ya mmoja haikumzuia kusema. Ya mwengine haikumsaidia kusema. Basi kinachofunga mdomo ni kitu chengine.

Sehemu yake ni hofu tu, na hofu hiyo tunaijua. Siasa zetu za visiwani ni za ushabiki tangu uchaguzi wa 1957: kosa la huyu ni mtaji wa yule. Kiongozi anajua kwamba akisema "nimekosea" saa nne asubuhi, saa kumi neno lake lipo kwenye kila simu ya upande wa pili. Na pembeni yake wapo machawa ambao riziki yao ni kumwambia kwamba hakukosea. Hilo sitaliendeleza. Linaloniuma zaidi ni kwamba tumewapa viongozi maneno matatu ya dini na ya adabu, mazuri yote, wakajificha nyuma yake. Wewe umeyataja mawili katika barua yako.

La kwanza ni kudra. Kuamini kadari ni nguzo ya imani na sisi hatuigusi. Lakini maulamaa wetu wamelipa neno hili mahala pake: kadari husemwa kwenye misiba, haisemwi kwenye makosa. Nikupe mfano ambao kila nyumba ya Pemba inaujua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama upande wa Nungwi ikielekea Pemba. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na wengi zaidi hawakuonekana mpaka leo. Mama aliyempoteza mtoto wake mle akisema "ni kudra ya Mungu", amesema neno la imani, na sisi tunamwitikia kwa dua kwamba aliyekufa maji ni shahidi. Ila meli ile ilijazwa kupita uwezo wake. Aliyekuwa na dhamana ya kuhesabu watu bandarini akisema neno lile lile la yule mama, amelichukua neno la mfiwa akalivaa yeye. Midomo miwili, neno moja, na hukumu zake ni mbali mbali kabisa.

Omar bin Khattab (R.A.) alipokuwa safarini kwenda Sham akapata habari kwamba huko kuna tauni, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akamjibu kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mmoja mkavu: popote atakapochunga ni kwa kadari, lakini mwenye akili huchagua penye majani. Soko lenu lilikuwa na pande mbili vile vile. Wazee waliuonyesha upande usiofaa kabla haujachimbwa hata udongo wa pauro moja.

Na hapa niseme jambo ambalo huwa linanitetemesha. Qur'ani imetuhadithia makosa mawili ya mwanzo kabisa. Adam na mkewe walisema: "Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu." Iblis alisema: "Kwa kuwa umenipoteza." Zote zimo katika Suratul Aaraf, aya chache tu kati yake. Mmoja alilichukua kosa akaliita lake, mwengine akampelekea Mungu. Simaanishi kwamba kiongozi wenu ni Iblis, hasha. Namaanisha kwamba mwenye kusema "Mungu ndiye aliyepanga hivi" juu ya jambo aliloliamua yeye kwa saini yake, aangalie sana anazungumza kwa ulimi wa nani kati ya wale wawili.

La pili ni sitara, na hili ndilo lililokufunga wewe. Wenzako wana hadithi ya kweli mkononi: atakayemsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na Akhera. Zanzibar tumelelewa juu ya neno hili. Nyumba zetu, baraza zetu, hata namna tunavyozungumza, kila kitu kimejengwa ili aibu ya mtu isitoke nje. Ni katika uzuri wetu na mimi sitaki upotee. Mtu akiteleza chumbani kwake, kati yake na Mola wake, ukamuona, ufunge mdomo wako mpaka kaburini.

Soko la samaki lakini si chumba chake. Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafi ni nguzo yetu, alipoisherehesha hadithi hiyo hiyo alitoa watu katika sitara: wapokezi wa hadithi, mashahidi, na waliopewa amana ya sadaka, wakfu na mali ya mayatima. Hawa, akasema, likionekana kwao jambo linaloharibu kazi yao, haifai kuwasitiria, na kulisema kwa haja si kusengenya bali ni nasaha ya wajibu. Tazama alivyochagua: kila aliyebeba kitu cha watu wengine. Hakuwatoa kwa sababu ni waovu. Amewatoa kwa sababu kosa lao haliishi kwao. Mwenye wakfu akikosea, anayelala na njaa ni yatima. Kiongozi akikosea kujenga, anayeuza samaki juani ni mama wa Wete.

Ndiyo maana toba yenyewe iko namna mbili. Masharti matatu tunayasoma tangu chuoni: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. La nne huja pale kosa lilipogusa haki ya mja: kuirudisha. Kiongozi wenu anaweza kuwa amelia usiku kwenye msala wake mpaka ndevu zikaroa, na mimi sina ruhusa ya kusema hakulia. Lakini kilio hicho hakijalirudisha soko. Na ipo aya katika Suratul Baqara, ya 160, ambayo natamani isomwe kila siku ya kuapishwa viongozi. Imeteremka juu ya waliokuwa wakificha aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu, na inawatoa katika laana "wale waliotubu, wakatengeneza, na wakabainisha". Maneno matatu. Wengi wetu tunaishia la kwanza. Wachache wanafika la pili, wanatengeneza kimya kimya usiku. La tatu, kubainisha, kusema wazi ili aliyepotoshwa ajue, ndilo tunalolikimbia, na tunalikimbia kwa jina la sitara.

La tatu katika maneno yetu hukulitaja, lakini utalisikia tu utakapolianza jambo lako: "yaliyopita si ndwele". Kwa Mpemba si haja nikueleze neno hili lina uzito gani. Tarehe 27 Januari 2001, katika maandamano ya kupinga uchaguzi wa 2000, watu walipigwa risasi Wete, Micheweni, Chake Chake na huku Unguja. Human Rights Watch waliwahesabu waliouawa wasiopungua 35. Kisha ukaja Muafaka, mapatano ya CCM na CUF, na mwaka 2009 Rais wa Zanzibar Amani Karume na Maalim Seif wa CUF wakakutana Ikulu, wananchi wakapiga kura ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa tarehe 31 Julai 2010, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita salama. Faida yake naikiri kwa moyo wote. Nani anataka kurudi kulikotoka damu? Hata hivyo methali ile ina nusu ya pili, "tugange yajayo", na mganga hagangi asichokijua jina lake. Rais Benjamin Mkapa, Mkatoliki, ambaye mauaji yale yalitokea katika zama zake, aliandika katika kitabu cha maisha yake kilichozinduliwa Novemba 2019 kwamba yale yatabaki kuwa doa katika urais wake. Ilimchukua karibu miaka 19, na miezi minane baadaye alifariki. Mimi namshukuru kwa kuliandika, wapo walionyamaza mpaka mwisho. Lakini neno lile lilitoka kitabuni, Dar es Salaam. Wenye kulistahiki kwanza walikuwa wafiwa, na baadhi yao walishatangulia bila kulisikia.

Sasa turudi pwani, maana lako ni jepesi zaidi: hapana aliyekufa, na sakafu inaweza kuvunjwa.

Unajua kwamba Mtume (S.A.W.) alikosolewa juu ya jambo la mahala? Kabla ya vita vya Badr, kama inavyosimuliwa katika sira, aliteremka sehemu fulani. Akaja Hubab bin Mundhir akauliza: hapa ni mahala alipokuteremsha Mwenyezi Mungu, tusisogee mbele wala nyuma, au ni rai tu na mbinu za vita? Akajibiwa ni rai. Akasema: basi hapa si mahala, twendeni kwenye kisima kilicho karibu zaidi na adui. Wakahama. Swali la Hubab ndilo swali la wazee wa diko, neno kwa neno. Hakumuuliza Mtume kama ana imani. Alitaka kujua tu kama pale pameamuliwa na wahyi au na mtu, ili kama ni mtu, pajadiliwe. Na juu ya mitende ya Madina, alipotoa rai watu wakaacha kuipandikiza poleni na matunda yakapungua, aliwaambia kwamba wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao. Mwenye kupokea wahyi amewaachia wakulima mitende yao. Kiongozi wa jimbo gani basi atakayewanyang'anya wavuvi bahari yao?

Kuna hofu moja ya kiongozi wenu ambayo ningependa uiondoe kwa mkono wako: kwamba akikiri ataisha. Mwambie habari za Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyelelewa na kusomeshwa dini Mangapwani. Januari 1977 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Shinyanga na Mwanza watuhumiwa walifia mikononi mwa vyombo vilivyo chini ya wizara yake. Hakuwagusa yeye, wala hakuwa huko. Akajiuzulu. Wengi walidhani ndiyo mwisho wake, na miaka 7 baadaye alikuwa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alipofariki Februari 2024, akazikwa kule kule Mangapwani, kujiuzulu kule ndiko kulikotajwa kila alipotajwa uungwana wake. Na Julai 2012, MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe, waziri wa miundombinu wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu siku chache baadaye. Wachache, ndiyo, lakini wapo, na ni wa kwetu. Wazee wetu walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hakimbii akiwa uchi huku anapiga kelele kwamba amevaa.

Ama wewe la kufanya, usianze na mkutano. Wenzako wamekosea kukuambia usiseme kabisa, lakini wana haki katika mpango: nasaha huanza faragha. Chukua wazee wawili wa diko, wale wale waliomwonya, muendeni nyumbani kwake. Msimpe darsa, aya hizi anazijua. Na msimtake alie wala ajidhalilishe, maana mnachodai si fedheha yake. Mnadai maneno yasiyozidi pumzi moja: wazee waliniambia, sikuwasikiliza, nilikosea, na soko litahamia pale watakapoonyesha wao. Akikataa faragha, hapo una ruhusa ya kulisimamisha mkutanoni, ukizungumzia soko na pesa zake, si sala zake wala nyumba yake.

Kabla ya hapo una kazi na watu wako pia, na pengine ndiyo ngumu. Kaa nao barazani uwaulize: siku akisema "nilikosea", tutamfanyaje? Kama jibu ni kulifanya mipasho na kulituma kwenye simu mpaka Unguja, basi sisi ndio tunaomfunza kunyamaza. Yule mchukuzi wa bandarini aliposema "Subhanallah" na imamu akakaa, hakucheka. Aliendelea kusali nyuma yake. Deni hilo ni letu, na bila kulilipa sidhani kama tuna uso wa kumdai yeye.

Subiri mwezi mpevu, tarehe 15 au 16 ya mwezi mwandamo, bamvua likiwa kubwa. Maji ya siku hizo hujaa kiasi cha saa kumi za jioni, kwa hiyo sala ya Alasiri mtaisali pamoja naye. Mkitoka, msimame mlangoni mumngojee avae viatu, mumuombe mtembee naye hadi sokoni.